Malalamiko Kuhusu Mti Ulioshindwa Kunifundisha Subira

Ndugu Meneja wa Kitalu cha Miti Midogo,

Salamu, na poleni na kazi. Mimi ni kinyozi, mwaka wa thelathini na moja sasa nyuma ya kiti kilekile, na ndimi niliyeagiza kwenu kwa posta mche mmoja wa bonsai, ule mti unaodumazwa chunguni, jamii ya mtini. Katalogi yenu, ukurasa wa tisa, inasema mti huu "humfundisha mwenye nao subira". Nimekaa nao miezi minne. Sijafundishwa.

Nieleze kwanza kwa nini nilihitaji subira kwa haraka. Wateja wananiita Sawazisha. Nikipunguza kulia, naona kushoto kumezidi. Nikigusa kushoto, kulia kunanikodolea macho. Mwanangu wa pekee nilimnyoa asubuhi ya harusi yake. Alikuja kupunguzwa kidogo tu, akaingia kwenye picha na kichwa kinachong'aa kuliko pete. Sasa ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mjukuu wangu wa kwanza, mwenye nywele ambazo hazijawahi kuguswa na mkasi. Nikaomba nizikate mimi. Mwanangu akanijibu taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Baba, mkono wako haujui kuacha." Ndipo nikaagiza mti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mti ulifika mzima. Sanduku limefungwa vizuri, udongo una unyevu, majani arobaini na mawili na hakuna hata moja lililochanika. Ungefika umeshakufa, ningewalaumu watu wa posta na yangeishia hapo.

2. Karatasi yenu ya maelekezo inakataza kuukata mti kwa mwaka mzima wa kwanza. Halafu mkauleta na tawi la kushoto refu kuliko la kulia kwa upana wa kidole. Huo ni uungwana kweli? Ni kumwachia mlevi funguo za baa na kumwomba afagie tu. Niliuweka mbele ya kioo changu cha kazi, penye mwanga, nikavumilia siku tatu. Ya nne nikapunguza kushoto. Kidogo.

3. Kulia kukazidi.

4. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili mti ulikuwa na majani mawili, moja kila upande, umelingana kabisa. Nakiri niliufunga kitambaa cha shingoni, kwa mazoea. Wateja waliokuwa wakisubiri walishuhudia na hakuna aliyenizuia. Fundi viatu wa jirani hata alisema umependeza. Kisha jani la kulia likadondoka lenyewe. Meneja, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaling'oa la kushoto.

5. Tangu hapo nina kijiti kwenye chungu. Nakimwagilia kila asubuhi, nakigeuzia dirishani, nakiomba radhi. Mke wangu anapita, anakitazama kijiti, ananitazama mimi, anaenda zake. Na mwanangu ameshaanza kumuulizia kinyozi mwingine, yule wa mtaa wa pili mwenye kiti kinachozunguka. Naona aibu kusema, lakini jambo hili limenitoa machozi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: mniletee mti ambao tayari umelingana, au mniandikie barua ya kumthibitishia mwanangu kwamba kasoro ilikuwa ya mti. Iwe na mhuri mkubwa.

Nisalimieni wapakiaji, wamwagiliaji wote, na aliyeandika ukurasa wa tisa, ambaye ningependa sana kuziona nywele zake.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Kinyozi, mteja wenu wa mche mmoja

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni mwa koti langu la kazi wiki tano. Naituma kwa sababu stempu nilishabandika, ila siwadai kitu. Kijiti kimechipua, majani manne kushoto na moja kulia. Mkasi wa mti nimempa mke wangu aufiche. Mwanangu alipopita kunieleza kuhusu kinyozi wa mtaa wa pili, aliukuta mti, akautazama muda mrefu, akaondoka bila kumtaja kinyozi huyo. Jumapili akarudi na mtoto, akamkalisha kwenye kiti changu. Nilikata kulia, nikakata kushoto, nikaweka mkasi chini. Upande wa kushoto umezidi hadi umefunika nusu ya sikio. Mkwe wangu ameuona, fundi viatu ameuona. Mimi niliuona kabla yao wote, nikauacha.