Ombi la Kurudishiwa Giza la Ukumbini

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Michezo ya Ndani.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za mzee usiyemjua kwa sura, ingawa kila asubuhi unapita mbele ya kazi yake ukielekea ofisini kwako. Ile picha kubwa ya korido, kati ya mlango wa choo na dirisha la tiketi, niliipiga mimi. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mpiga picha za michezo wa gazeti la mji huu. Sasa nina miaka themanini na mitatu, moyo wangu unafanya kazi kwa zamu, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Kwa hiyo nitasema upesi.

Nalalamikia taa mpya. Naomba ziondolewe kabla ya Jumamosi.

Najua mmezishangilia. Mjukuu wangu wa kike, aliyerithi kazi yangu, alirudi nyumbani siku ya uzinduzi akasema, "Babu, mle ndani sasa unaweza kuokota sindano." Katika maisha yangu yote ya kazi sikumwona mtu aliyekuja kwenye mpira wa kikapu kutafuta sindano. Malalamiko yangu ni haya:

1. Taa hizi zimeua taaluma. Enzi zetu ukumbi ulikuwa na taa ishirini na nne. Sita ziliwaka, na mojawapo kati ya hizo sita iliwaka inapojisikia. Mwanga wake ulikuwa wa kijani, kama maji ya pipa lililosahauliwa. Flashi tulikatazwa kwa sababu iliwapiga wachezaji machoni. Ilibidi kamera ikodoe jicho kwa muda mrefu, na chochote kilichosogea katika muda huo kiligeuka moshi. Nimechapisha gazetini mchezaji mwenye mikono sita. Nimechapisha mpira wenye mkia. Ndipo tukajifunza kwamba mtu anayeruka, akifika juu kabisa, husimama hewani kidogo kabla ya kushuka, kama aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Hapo unabana pumzi, unaegemeza kiwiko gotini, unabonyeza. Siku hizi mjukuu wangu anakaa mguu juu ya mguu, anatafuna karanga, anapiga picha elfu moja kwa mchezo mmoja, na zote zinaonekana. Nauliza kwa heshima, hiyo ni kazi au ni mvua?

2. Taa zimewavunjia watu heshima. Katika giza lile kila mchezaji alikuwa na kifua na kila mwamuzi alikuwa na haki. Sasa tunaona vitambi vya waamuzi. Sina zaidi katika hoja hii.

3. Mmefunga taa ya ziada kwenye korido, juu ya picha yangu. Hapa, Ndugu Meneja, inabidi nieleze kwa kirefu, na ukiweza funga mlango wa ofisi.

Picha ile, kama kibao chake kinavyosema, inaitwa "Sekunde Iliyochelewa". Ni ya fainali ya miaka arobaini na moja iliyopita, timu ya Reli dhidi ya timu ya Walimu. Reli walikuwa nyuma kwa pointi moja. Nahodha wao, kijana mrefu tuliyemwita Ngazi, aliruka akatupa, honi ikalia, mpira ukaingia. Nusu ya ukumbi ilisema mpira ulitoka mkononi kabla ya honi, nusu ikasema baada. Mwamuzi alisema hakuona vizuri, na kwa giza lile namwamini. Mwenyekiti wa kamati akanigeukia mimi niliyekaa chini ya goli. "Wewe bila shaka umeipata," akasema.

Nikasema, "Nimeipata."

Sikuwa nimeipata. Filamu yangu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na ya thelathini na sita nilikuwa nimeimaliza kwa mchezaji aliyekuwa anafunga kamba za kiatu. Honi ilipolia kamera ilikuwa wazi chini ya koti langu, nabadilisha filamu kwa kupapasa. Lakini watu mia sita walikuwa wananitazama, na neno lilikwisha kutoka.

Asubuhi yake, kabla ya kikao cha kamati, niliisafisha filamu ile. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya majaribio. Sisi wote tulikuwa na desturi hiyo: saa nzima kabla ya mchezo, wachezaji wakipasha misuli, unapiga moja ya kupimia mwanga. Mwanga nilikuwa nimeupimia kwa Ngazi, ameruka, mpira mkononi. Nikaitoa kwenye karatasi nikiizidisha weusi, nikazidisha tena, mpaka viti vitupu vya nyuma yake vikazama. Sikukusudia kumdhulumu mtu. Nilitegemea giza. Nilidhani kamati itaona masizi, itasema haiwezi kuamua, na mimi nitabaki kuwa yule aliyeipata.

Nilisahau saa ya mchezo. Ile ilikuwa na taa zake yenyewe, kwa hiyo ndicho kitu pekee kilichotoka safi. Mwenyekiti akaweka kidole pale: sifuri, sifuri, na mpira ungali mkononi. Kikao kikaisha hapo hapo. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa ile husoma sifuri mara mbili, mchezo ukiisha na kabla haujawekewa dakika zake. Pointi zikafutwa, kombe likaenda kwa Walimu, na mimi nikapewa cheti.

Ngazi alipewa jina. Tangu siku hiyo anaitwa Kachelewa. Mwaka uliofuata alimwoa mdogo wangu wa kike, na siku ya harusi alifika saa mbili kabla ya bibi harusi, watu wakaangua kicheko: "Leo Kachelewa kawahi." Hajaacha mpaka leo. Hospitali anafika kabla ya mlinzi. Msibani anafika wafiwa wakiwa bado wanapanga viti. Habari ya picha alizungumza nami mara moja tu, tukiwa tunakula. Alisema, "Shemeji, mkono wangu siku zote umekuwa ukiniambia niliwahi. Lakini kama kamera yako iliona vile, basi mkono ndio mwongo." Akakitazama kiganja chake, kisha akaomba chumvi. Nikampa chumvi. Hicho ndicho nilichompa.

4. Sasa turudi kwenye taa. Picha iliyotolewa nzito namna ile haipotezi kitu, inakificha tu, na ukiimulika sana inatapika. Wiki iliyopita mjukuu wangu alisimama chini ya taa yenu ya korido, akaja kuniuliza, "Babu, watazamaji wa fainali walikuwa wapi?" Nikamwambia watu wa zamani walikuwa wembamba. Akasema, "Sawa. Na huyu nyuma ya nguzo ya goli, mbona anafagia?"

Ndugu Meneja, mfagiaji yule sikuwahi kumwona kwa miaka arobaini na moja. Sekunde ya mwisho ya fainali, na mtu ameinama na ufagio.

5. Wiki tatu zilizopita, hospitali ilimtoa Kachelewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anasoma maandishi ya chupa za dawa kutoka upande wa pili wa chumba, na anayasoma kwa sauti. Nimemwandikia malalamiko daktari wa macho pia. Na Jumamosi, kwenye mashindano ya maveterani, ninyi mmemwalika awe mgeni wa heshima, apigwe picha akiwa amesimama chini ya picha ile. Mnamjua. Atafika ukumbi haujafunguliwa, na atakuwa na muda wa kutosha wa kutazama.

Kwa hiyo naomba taa zote zishushwe, na zile za zamani zirudishwe, sita ziwake. Ikishindikana, izimwe ya korido peke yake. Ikishindikana hata hiyo, mashindano yachezwe gizani, wachezaji wakiitana kwa majina. Kwa umri wao hawatapoteza mengi. Wala siombi jambo la kudumu. Kwa hesabu za daktari, giza la miezi mitatu litanitosha. Baada ya hapo washeni kila kitu.

Nisalimie mama wa dirisha la tiketi, ambaye aliniingiza bure miaka yote akidai hanioni. Wasalimie waamuzi, wenye vitambi na wasio navyo. Msalimie kwa namna ya pekee mfagiaji wenu wa sasa, umwambie kazi yake huonekana hata kama itachukua muda.

Ni mimi, kwa mkono unaotetemeka kiasi kwamba leo hata juani ningepiga ukungu,

Mpiga picha mstaafu.

Nyongeza: Barua hii ilibaki mezani ikisubiri bahasha, nami nikajinyoosha kidogo. Kachelewa alikuja kunichukua kwa ajili ya Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Nilipoamka alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ameisoma yote, bila miwani. Alikuwa ameinua mkono wa kulia, kiganja kimeinama mbele kama cha mtu aliyekwisha kuachia mpira, anakitazama.

"Kwa hiyo niliwahi," akasema.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, sikuona, nilikuwa nabadilisha filamu.

Akasema, "Sikuulizi wewe, shemeji. Nauuliza mkono."

Hajasema kama amenisamehe, na chai yangu ameinywa yeye. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Taa zisiguswe, na kama mnayo nyingine iongezeni pale korido. Yeye ameagiza nikuandikie jambo moja tu: mchezo unaanza saa nne kamili, sisi tutaingia saa nne na nusu. Nimemkumbusha kwamba huko ni kuchelewa. Amesema anajua. Tuwekeeni viti viwili penye mwanga.