Gari Lishuke Kidogo Tu

3 Machi, Jumatatu

Leo nimedhalilika mbele ya duka la mkate. Nimeegesha kigari chetu, na jirani yangu Bwana Lami akaegesha chake kando. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu gari lake limelala mpaka linakaribia kulamba lami. Wapita njia wote wakaligeukia lake. Langu? Limesimama kama kuku aliyekanyaga maji. Mwenye duka akamuuliza Bwana Lami alifanyaje gari likawa hivyo, naye akacheka kidogo, akaanza habari za mvua. Siri! Mtu hafichi kitu kisichokuwa na thamani.

Nimeamua. Gari litashuka. Wiki hii hii.

Mke wangu nimemgusia wakati wa chai. Hakuinua macho kutoka kwenye unga. Alisema gari libaki lilivyo mpaka Jumamosi ipite, maana siku hiyo anapeleka keki ya harusi ukumbini. Keki ya ghorofa tatu, oda yake ya kwanza kubwa. Msimamizi wa ukumbi amemwahidi kwamba ikifika salama, keki zote za pale zitatoka jikoni kwetu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari lililolala hubeba keki vizuri zaidi. Hapo ndipo aliponitazama.

4 Machi, Jumanne

Nimekwenda kwa fundi. Mtu wa maneno huyu! Hata nati moja haikazi bila kuihutubia kwanza. Akanieleza njia zote. Kuna springi fupi zilizotengenezwa kwa gari la aina yangu, ila zinataka na shokapu zake fupi, vinginevyo gari litaruka ruka na shokapu zitakufa mapema. Kuna zile unazopandisha na kushusha kwa spana upendavyo. Hizo ni za wenye nazo. Na kuna kukata springi zilizopo, jambo ambalo yeye hafanyi, hata aje adui yake.

Kisha akauliza swali la ajabu: gari hili kazi yake nini? Nikamjibu starehe. Keki sikuitaja. Mambo ya jikoni hayasemwi gereji.

Akataja bei. Nikakohoa. Nikamwambia nitarudi, akasema wote husema hivyo hivyo.

Lakini kuna neno moja lilimponyoka, nami nikalidaka. Alisema gari likibeba mzigo, springi hujikunja na gari hushuka lenyewe. Lenyewe! Bure! Penye nia pana njia.

5 Machi, Jumatano

Pale kazini, duka la vigae, vigae vilivyovunjika vimejaa uani na meneja analalamika kila siku kwamba hakuna wa kuvitupa. Nimejitolea. Amenisifu mbele ya wenzangu, wakanuna. Maboksi yakaingia kwenye buti, na gari likawa linashuka huku naliona kwa macho yangu. Nusura nilie.

Tatizo: limeshuka nyuma tu. Pua inatazama mbinguni. Jioni nikarudi nyumbani taa zangu zikimulika madirisha ya ghorofani. Mama mmoja alifungua pazia akauliza anatafutwa nani. Bwana Lami alikuwa anamwagilia maua yake. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amehama. Nikamjibu kwamba hii ni hatua ya kwanza, asubiri.

6 Machi, Alhamisi

Nyuma imeshuka, mbele haijashuka. Basi mbele nayo ishushwe! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zilisimama.

Nikaenda kwa mchomeleaji wa mageti. Hajawahi kugusa gari, lakini chuma ni chuma. Akauliza nataka mbele ishuke kiasi gani. Nikamwambia ilingane na nyuma, basi. Akachutama, akafumba jicho moja, akazifungua springi za mbele, akazikata, akazirudisha. Tukasimama mbali tukatazama. Sawasawa! Limelala lote, bapa kama ubao wa kukatia mboga. Mchomeleaji mwenyewe akalipiga picha.

Safari ya kurudi ilikuwa na misukosuko. Mashimo niliyoyapita miaka yote bila kuyajua, leo tumejuana. Nimejiuma ulimi mara kadhaa. Lakini watu waligeuka! Bwana Lami alisimama mlangoni akalitazama gari kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Wivu huo, hakuna kingine.

Mke wangu akauliza gari limepatwa na nini. Nikasema limetulia. Akauliza tena. Nikasema magari yakikua hutulia, kama watu. Alikuwa na mikono miwili ndani ya sukari, akaniacha.

8 Machi, Jumamosi

Naandika nikiwa nimekalia mito miwili.

Asubuhi mke wangu alifungua buti aweke keki. Akakuta vigae. Akavitazama, akanitazama mimi, akaagiza vitoke. Nikavitoa, na kila boksi lililotoka, mkia wa gari ulipanda. La mwisho lilipotoka, gari lilikuwa limeinama kama mbuzi anayekunywa maji. Mbele imekatwa, nyuma ni nzima. Hesabu hiyo sikuwa nimeipiga.

Keki ikiwekwa humo inateleza mpaka kwenye usukani. Vigae vikirudi, keki haina pa kukaa. Mke wangu aliketi kwenye ngazi ya mlango akafunika uso kwa aproni. Oda hii ameihangaikia, amekwenda ukumbini kuwaonjesha mpaka walinzi wa getini. Nilimhurumia sana. Kisha nikajihurumia mimi zaidi.

Akasimama. Akanipima kwa macho kuanzia tumboni, akaniambia niingie kwenye buti. Mimi! Nikaingia. Viti vimelazwa, magoti yako masikioni, nimelikumbatia boksi la keki kama mtoto mchanga. Mimi si mwembamba, na leo kwa mara ya kwanza hakuna aliyenilaumu. Gari likalingana. Akaendesha yeye, polepole. Nakiri tulipendeza.

Tukafika kwenye geti la ukumbi. Tuta! Magurudumu ya mbele yakapita, tumbo likakaa juu ya tuta, gari likagoma. Nyuma yetu wageni wakaanza kupiga honi. Nikasema nishuke nisukume. Nilipotoa mguu mmoja tu, mkia ukaanza kupanda na keki ikaanza safari.

“Usishuke,” mke wangu akasema. “Ukishuka hapo, na nyumbani usirudi.”

Nikarudisha mguu. Na gari lililokuwa nyuma yetu ni la nani? La Bwana Lami. Kumbe ndiye mshereheshaji wa harusi hiyo! Alikuja na suti yake, akavua koti, akashika upande mmoja wa boksi na mke wangu upande wa pili, wakaipeleka keki ndani kwa miguu. Mimi nikabaki kwenye buti. Hakuna aliyeniambia nishuke, nami sikutaka kujaribu. Wageni wakawa wananipita na kunisalimu. Bibi mmoja akauliza kama mimi ni zawadi.

Keki imefika nzima, hata ua moja halikutikisika. Msimamizi ameizunguka, ameinusa, amempa mke wangu Jumamosi zote. Nilisikia vigelegele nikiwa humo humo kwenye buti, na machozi yakanitoka, siyo ya magoti peke yake.

Bwana Lami aliporudi kutusukuma, nikamuuliza kiume: yeye ametumia springi gani? Akaona haya. Akatazama huku na huku.

“Ndugu yangu, zangu zimekufa,” akasema. “Nimetafuta nyingine mpaka nimechoka. Lako lilivyokuwa limesimama, mimi nilikuwa nalitamani.”



10 Machi, Jumatatu

Fundi amerudisha springi nzima za mbele. Zile zilizokatwa amezitundika ukutani na anawahutubia wateja akizionyesha kwa spana. Vigae nimevirudisha uani dukani. Meneja hanisifu tena. Funguo za gari anazo mke wangu.

Nimeapa mbele yake, mkono kifuani: sitashusha gari maisha yangu yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu limenivunjika. Mke wangu akanitengea chai, akacheka hata akapaliwa. Mimi ni mtu mpya.

13 Machi, Alhamisi

Bwana Lami amepata springi.

Gari lake limesimama wima. Refu! Limelipita letu kwa kiganja kizima. Leo wapita njia wote wameligeukia, na mwenye duka la mkate ameacha wateja akatoka nje kulizunguka. Bwana Lami ananisalimu kutoka huko juu, kwa upole ule ule.

Niliapa kutoshusha. Kupandisha sikuapia. Mchomeleaji anavyo vipande vya bomba la geti, anasema vikiwekwa chini ya springi gari litapanda kama ngazi, na kesho asubuhi ana nafasi. Mke wangu nimemwambia nalipeleka kuoshwa, akanipa funguo. Keki ya pili ni keshokutwa, kwa hiyo muda upo wa kutosha.