Msomaji wa Moshi wa Harlan Fork

Orrin Tackett alijiona mtu mwenye akili nyingi, na kosa hilo ndilo lililomlisha miaka kumi na tisa ya utapeli. Jumanne asubuhi alikuwa mkahawani Harlan Fork, mji mdogo wa Missouri, akila mayai, aliposikia mhudumu akimwambia mteja, "Maskini Bi. Hulda Brandel! Mkaguzi wa jimbo anakuja Ijumaa kuutazama moshi wa tanuri lake la mkaa. Asipouridhia, kibali hakuna, na watu saba wanarudi nyumbani."

Orrin aliweka uma chini. Mtu mwenye hofu na tarehe ni mteja aliyekwisha kuiva.

Saa tano alikuwa kwa Bi. Hulda, amevaa tai, amejiita Bwana Sterling.

"Mimi ni msomaji wa moshi mwenye cheti," alisema. "Napima kwa macho uzito wake, naandika ripoti, mkaguzi akija anagonga muhuri tu. Dola mia tano, mama, na ni kwa sababu una uso wa marehemu shangazi yangu."

"Shangazi yako alikuwa mrembo basi," alisema Bi. Hulda. Alikuwa na miaka sabini na mbili na magoti mabovu. "Umekula?"

Alimpa maharage na mkate wa mahindi. Orrin hakuwa amezoea kulishwa na watu anaowaibia, akajikuta anaosha sahani yake mwenyewe.

Kisha walitoka nje. Tanuri kubwa la zege lilikuwa tupu, lakini lile dogo lilikuwa likifuka. Orrin alipanua miguu, akakaza macho kuutazama moshi, jua likimpiga usoni hadi machozi yakamtoka.

"Uzito wake, asilimia nane," alitamka, kwa sauti ya daktari.

Bi. Hulda alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Vizuri," alisema. "Sasa kuna ile sheria mpya. Msomaji lazima apakie tanuri kubwa kwa mikono yake, ndipo ajue anasoma moshi wa kitu gani. Bila shaka unaijua."

Mtu anayejifanya anajua kila kitu hana nafasi ya kuuliza swali.

"Naijua?" Orrin alicheka. "Bi. Hulda, mimi nilikuwepo ilipoandikwa!"

Basi akavua tai. Alibeba magogo ya mwaloni Jumanne, Jumatano, na Alhamisi. Cletus, mpakiaji wa siku zote, alikaa kwenye kiti na mkongojo wake, nyonga imeteguka, akielekeza.

"Manene katikati, bwana mkubwa. Acha pumzi kati yake. Unajenga tanuri au unaficha maiti?"

"Kule jimboni tunapanga hivi," alisema Orrin akihema.

"Kule jimboni wanauza mkaa wa nani?"

Jioni Bi. Hulda alimpaka mafuta viganjani, malengelenge yakiwa yamepasuka, akampa glavu za marehemu mumewe. Orrin aliwaza kutoroka mara nne, lakini kila mara palikuwa na pai ya pichi mezani.

Ijumaa tanuri lilikuwa limejaa na linawaka. Mkaguzi, dada mmoja aitwaye Renata Quiroz, alishuka garini, akazunguka uwanja mzima mpaka jua likawa mgongoni mwake, ndipo akainua macho. Kila baada ya sekunde kumi na tano aliandika namba. Orrin alimtazama alivyosimama, akahisi masikio yakiwaka.

"Kwani lazima mtu aligeuzie jua mgongo?" alimnong'oneza Bi. Hulda.

"Ndilo somo la kwanza, mwanangu. Mimi nina cheti hicho cha kusoma moshi miaka ishirini na miwili."

"Na ile sheria ya kupakia?"

"Niliitunga hapo hapo. Jimbo hupima tanuri likiwa limejaa, na Cletus, mpakiaji wangu pekee, hawezi kuinama. Nilihitaji mikono, nawe ulikuja nayo." Akamtia mfukoni ujira wa siku tatu za mpakiaji, wala senti zaidi, na kipande cha pai kwenye karatasi.

Renata alifunga daftari. "Safi kabisa. Hili limepangwa na mtu anayejua. Ni nani?"

Bi. Hulda alimwonyesha Orrin.

Hakuna aliyewahi kumsifu Orrin kwa jambo alilolifanya kweli. Alikuwa na majina sita, na yale matano ya kazi yalimtoroka kwa pamoja.

"Orrin Tackett," alisema, akanyoosha kifua. "Na T mbili mwishoni, dada."

Renata aliandika. "Asante. Ripoti itawekwa maktabani na gazetini, jimbo zima, siku thelathini. Mwananchi yeyote anaweza kuisoma na kutuandikia maoni kabla kibali hakijatoka."

"Pamoja na… majina?"

"Pamoja na majina."

Orrin aliwaza miji kumi na mmoja ambako, kabla hajajipa majina ya kazi, aliwauzia watu vyuma vya kuzuia radi visivyogusa ardhi, yaani visivyozuia kitu. Aliondoka bila kuaga, glavu bado mkononi.

Kibali cha Bi. Hulda kilitoka. Tanuri la mkaa kwa kawaida hupata maoni mawili, ya jirani na ya mkwe wa jirani. Safari hii zilikuja barua arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyotaja moshi; zote zilimuulizia Orrin Tackett.