Hadi Diski Yangu na Harusi ya Hajra

Jumatatu, 4 Agosti
Laptopu yangu mpaka iwake, uji umepoa. Keyur wa duka la kompyuta kanisema: toa hiyo hadi diski, ndani mna sahani inazunguka kama santuri. Weka SSD, haina kinachozunguka, inawaka hapo hapo. Nikamjibu SSD zake bei juu, nafasi kiduchu. Yangu imemeza harusi nzima ya binti yangu Hajra na bado ina njaa! Kacheka. Mbele ya wateja!

Jumatano, 6 Agosti
Mama kapiga simu toka Miono. Miguu imemkataa, harusi ya mjukuu wake hakuiona. Anauliza video inakuja yeye yu hai au? Nimeapa: kesho. Mke wangu Mwanamkasi anasema Keyur atoe nakala kwanza. Nimpe Keyur? Afurahi? Naenda zangu kulala.
Nina akili yangu. Laptopu sitaizima njiani. Nikifika nafungua tu, harusi hiyo! Watadhani SSD.

Alhamisi, 7 Agosti
Bodaboda ya Bilali. Laptopu mapajani, inawaka, nimeiviringisha khanga isiingie vumbi. Mashimo matupu. Bilali kauliza hiyo ka-ka-ka ni pikipiki yake au mzigo wangu. Nikamwambia aangalie mbele.
Ulikuwa mzigo wangu.
Majirani wamejaa uani. Mama kapaka wanja. Nafungua: giza. Nikasingizia umeme. Jirani kauliza mbona taa zinawaka. Mama hakunisuta. Kasema hapana neno, babaangu, angalau nimekuona wewe. Bora angenichapa.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya sala, nikaingia kwa Keyur na kanzu yangu, nikatubu. Nimemsema vibaya mji mzima, nimemkosea mama, yote nikayataja. Kasema sahani ikiwa inazunguka haitaki kurushwarushwa. Ningeizima, pengine ingefika salama. Imekufa.
Kisha katoa SSD. Harusi yote imo! Juzi nilipolala, Mwanamkasi alimpelekea laptopu, Keyur akatoa nakala. Nikalia. Mbele ya wateja tena.

Jumapili, 10 Agosti
Jana Mama kaiona. Hajra alipotolewa nje, kaushika uso wake kwenye kioo cha laptopu, kasimama kapiga kigelegele mwenyewe, kwa miguu ile ile iliyomkataa. Anataka aione tena dada zake wakija.
Nimejifunza. SSD ndiyo kila kitu. Keyur bado ana nakala kwenye kompyuta yake. Nimemwambia aifute, asije akaringa kwamba kaniokoa. Kasema acha ikae, kaka. Nimekazana, kaifuta. Ya nini nakala? SSD haifi!
Nimeichomoa kwenye laptopu, nikawaonyesha wenzangu barazani. Nimeitupa chini, nikaiokota, nzima! Nikaitia mfukoni mwa kanzu, nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi.
Mwanamkasi anaita toka uani. Anafua, kanzu nimeivua wapi? Nimemwambia ipo msumarini. Ailoweke vizuri, kola imechafuka.