Mama Mkwe Amelala Ubavu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeponzwa na mdomo wangu. Mama mkwe mtarajiwa anastaafu ualimu Ijumaa. Familia yake ilipouliza nani atatengeneza video ya kumuaga, nikanyoosha mkono hata kabla sijafikiri. Nikasema ndiyo kazi yangu hiyo. (Kazi yangu ni kubadilisha vioo vya simu.) Baba mkwe akasema vizuri, Ijumaa ikienda salama, Jumapili nilete wazee wangu tuzungumzie posa. Posa! Miaka mitatu nalingoja neno hilo! Binamu ya mchumba wangu, tunayemwita Miwani, kasomea kuhariri video na hachoki kukukumbusha. Alicheka kimoyomoyo, nilimwona. Simpendi.

Jumanne, 5 Machi

Klipu arobaini na moja kutoka kwa wanafunzi wa mama mkwe. Zote wamerekodi simu ikiwa wima. Kwenye simu watu wamesimama vizuri. Nikazifungua kwenye programu ya kuhariri. Lahaula! Wote wamelala ubavu! Ubao umelala, mlango umelala, mama mkwe amelala na chaki mkononi.

Nikampigia Miwani, nikajifanya namjaribu. Akasema simu huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huweka alama kwamba izungushwe, na programu nyingine haziisomi alama hiyo. Dawa yake: chagua klipu, zungusha nyuzi tisini, kisha rekebisha ukubwa. Mara arobaini na moja? Mimi si punda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Nimeilaza skrini yenyewe! Matofali mawili, kamusi moja, mkanda wa suruali. Dakika moja tu, mama mkwe kasimama wima katika klipu zote. Miwani na shule yake aende huko!

Vikwazo vidogo. Nikisogeza kipanya kulia, mshale unashuka. Maandishi nayo yalikuwa yamelala, nikayazungusha nyuzi tisini, moja baada ya jingine, yako sitini. Shingo inauma. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchumba wangu aliuliza mbona skrini imeegemea ukuta. Nikamwambia ni siri za kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu wangu.

Ukumbi umejaa, watu mia mbili. Projekta ikawashwa. Mama mkwe amelala. Walimu wote wamelala. "Asante Mwalimu" inapanda ukutani kama mjusi. Watu mia mbili wakainamisha vichwa upande mmoja, hata mgeni rasmi.

Sikubabaika. Nikamwambia fundi wa projekta ailaze ubavu. Akakataa, akasema itaanguka. Nikailaza mwenyewe. Mama mkwe akasimama! Ila miguu ilikuwa juu ya keki na kichwa kilikuwa darini, feni ikimzunguka puani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kisha projekta ikaanguka.

Baba mkwe akaniita pembeni. Akasema mkewe amesimama mbele ya darasa miaka thelathini na nne, na mimi nimemlaza siku moja. Mchumba wangu akamsihi mpaka machozi. Mzee akalegea: ndugu wa mbali wanataka kuiona video, niitume kwenye kundi la familia kabla ya saa sita mchana Jumapili. Mama akiwa amesimama, nilete wazee. Akiwa amelala, na mimi nikalale kwetu, moja kwa moja.

Jumamosi, 9 Machi

Mchumba wangu kaja na flashi. Jana alimpa Miwani faili zangu zote, naye ameirekebisha video yote. Alichagua klipu zote kwa pamoja akazizungusha, na maandishi akayarudisha. Dakika nne, anasema! Mchumba wangu akaniambia amechoka kunitetea, nisiguse kitu, niitume tu kama ilivyo. Hakutabasamu hata kidogo. Niliona aibu kwelikweli. Nampenda sana. Nikaapa sitagusa.

Jumapili, 10 Machi

Nikasema acha niikague kwanza. Skrini bado iko kwenye matofali yake. Nimeshaizoea hivyo, na shingo nayo haitaki tena kunyooka. Nikafungua video ya Miwani.

Amelala! Mama mkwe amelala! Nilijua tu! Kikulacho ki nguoni mwako! Angenimaliza mbele ya ukoo mzima!

Nikazungusha kila kitu nyuzi tisini, mpaka mama akasimama wima kabisa. Nikaongeza jina langu mwishoni, herufi kubwa. Nikatuma dakika tano kabla ya saa sita. Ni kweli niliapa, lakini mchumba wangu atanishukuru.

Wazee wangu wameshavaa, wako sebuleni. Simu inaita mfululizo. Mchumba, mchumba, Miwani, baba mkwe, mchumba. Wana haraka ya kunipongeza! Wasubiri kidogo, napiga pasi shati.