Ombi la Kupandishiwa Ada ya Shahada Niliyokwisha Kuipata

Everett R. Dudek,
Karani, Dawati la Leseni za Mbwa na Boti
(majibu yaje nyumbani, si ofisini, tafadhali),
Wisconsin.
8 Mei

Mkuu wa Udahili,
Chuo cha Mtakatifu Kunegunda.

Ndugu Mkuu wa Udahili,

YAH: MDOGO WANGU COLETTE DUDEK, PAMOJA NA SUALA LA ADA

Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu, ingawa ningependa kisinihusu.

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako katika msimu huu wenye kazi nyingi. Mimi ni mhitimu wenu wa miaka mitatu iliyopita, shahada ya jiografia. Naandika wakati wa chakula cha mchana, karatasi ni yangu, stempu nimeinunua mwenyewe, na kila mlango wa ofisi unapofunguka naifunika barua hii kwa fomu ya leseni ya mbwa. Ukikuta sentensi imekatika ghafla, ujue ameingia mbwa.

Shida yangu ni hii. Mdogo wangu Colette, mwenye umri wa miaka kumi na minane, alikubaliwa chuoni kwenu mwezi Machi. Hataki kuja. Anataka kwenda uanagenzi wa ufundi bomba. Mmemwongezea muda hadi tarehe kumi na tano mwezi huu atoe jibu, nasi tunawashukuru, ingawa baba anasema duka linaloongeza siku za ofa ni duka lisilo na wateja. Mimi sisemi hivyo. Mimi naomba, kwa heshima zote, mumlazimishe. Sababu zangu ni hizi:

1. Fulana. Kama ujuavyo, Mei mosi kila mwanafunzi anayemaliza sekondari huenda shuleni amevaa fulana ya chuo alichokichagua, na wote hupigwa picha ukumbini. Mama yetu, Lorraine, hakungoja Mei. Siku barua yenu ilipofika aliagiza fulana za ukoo mzima kutoka duka lenu: Mama wa Kunegunda, Baba wa Kunegunda, Bibi wa Kunegunda, na moja ndogo ya mbwa. Mei mosi Colette akaenda shuleni na fulana ya chama cha mafundi bomba, yenye picha ya spana kifuani, akasimama katikati ya wenzake na kutabasamu kuliko wote. Picha imetoka katika gazeti la mji. Padri ameibandika kwenye ubao wa parokia. Duka lenu halipokei fulana zilizokwisha kuandikwa, kwa hiyo mama anavaa yake anapopaka rangi baraza. Bibi, ambaye macho yake yamechoka, bado huvaa yake kwenye misa na kupokea pongezi, na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kumweleza.

2. Ijumaa. Familia yetu, kama familia nyingi za hapa, hula samaki wa kukaanga kila Ijumaa jioni, mgahawa uleule, meza ileile. Zamani tulizungumzia mpira na msimu wa kuwinda kulungu. Siku hizi tunanizungumzia mimi. Mjomba Caz, kaka yake mama, ni muuza boti. Ijumaa iliyopita alifuta mafuta mdomoni, akaninyooshea uma, akasema, "Mpwa wangu, huu si ugomvi, nauliza tu nijue. Kwa hela ile ungepata boti, tena mpya. Umeichoka, unaiuza. Hiyo karatasi yako ukiichoka, unampelekea nani?"

Meza nzima ilicheka. Baba naye alicheka, halafu akaangalia sahani yake.

Colette akaingilia eti ananitetea. "Mwacheni kaka yangu. Yeye alilipa ili afundishwe. Mimi nitafundishwa na juu yake nitalipwa. Haya, msomi hapa ni nani?"

Nilikuwa na jibu, Ndugu Mkuu. Nilikuwa na majibu matatu, yote yenye vyanzo, kama mlivyotufundisha. Nikafungua mdomo nikaomba nisogezewe ndimu.

3. Kioo cha pikapu. Baba yetu, Ray Dudek, ni dereva wa lori la maziwa. Kioo cha nyuma cha pikapu yake kina stika ya chuo chenu tangu siku niliyokubaliwa, na akiliosha gari huizunguka stika hiyo kwa kitambaa laini kama anayemfuta mtoto pua. Jumapili nimekuta ya pili, ya mafundi bomba, upande wa dereva. Nikamuuliza mbona ameiweka upande ule. Akajibu, "Ndiko ninakoangalia, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningelala.

4. Simu. Wanafunzi wenu hunipigia kila baada ya muda kuniomba mchango. Silalamiki juu ya hilo, kwani wana sauti nzuri na mimi sijui kukata simu. Lakini mwezi uliopita alinipigia binti mmoja aitwaye Delphine, mpole sana, akaniuliza shahada imenisaidiaje maishani. Nikasema, sana. Akasema samahani, kompyuta inataka nichague: kipato, cheo, uongozi, au mtandao wa marafiki. Nilimsikia akipumua. Mwishowe akasema, "Usijali, kaka, nitaweka 'mengineyo'." Nikamshukuru. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka nikijiuliza mengineyo ni yapi. Hata hivyo nilimchangia dola kumi papo hapo, kwa sababu alikuwa na mtihani kesho yake.

5. Kazi yangu. Tangazo la nafasi hii lilidai shahada, yoyote ile. Baada ya miezi sita nilijikaza nikamuuliza mkuu wangu, Bi. Vogel, ni sehemu gani ya leseni ya mbwa inayohitaji shahada. Bi. Vogel ni mtu mkweli, na alinijibu huku akila tufaha. "Tuliweka hivyo ili wasije wengi, Everett. Wakaja wengi, wote na shahada zao. Tukakuchukua wewe kwa sababu ulifuta viatu mlangoni."

Nimelifikiria jambo hilo kwa makini. Viatu nilifundishwa kufuta na mama, bila ada.

Nakuomba usinielewe vibaya. Sisemi shahada haina thamani. Nasema kinyume chake kabisa, ila sijafanikiwa kumshawishi mtu yeyote, na ndiyo maana namhitaji Colette. Akija kwenu, tutakuwa wawili mezani, na wawili ni desturi ya familia. Mmoja ni ajali. Na niseme ukweli, kwa kuwa hunifahamu na huenda tusionane: naogopa. Akienda kwenye mabomba atafurahi. Namfahamu, atafurahi hadi akere. Kila Ijumaa atafika na furaha yake na malipo yake ya wiki, na mimi nitakuwa nimeketi kando yake na majibu yangu matatu.

6. Sasa nifike kwenye kiini, yaani ada.

Baada ya tafakuri ndefu nimegundua kosa lenu, na nalisema kwa unyenyekevu. Ada yenu ni ndogo mno. Kitu kinachogharimu sawa na boti kitalinganishwa na boti. Kikigharimu sawa na nyumba, watu watauliza vyumba viko wapi. Mjomba Caz ana uwezo wa kulinganisha kitu chochote hadi kufikia bei ya nyumba yenye gati lake ziwani. Juu ya hapo hana uzoefu, na hunyamaza. Mbona hakuna aliyewahi kuuliza mezani petu kama kanisa kuu la jimbo lina thamani ya pesa zilizolijenga? Kwa sababu hakuna anayezijua pesa hizo wala anayeweza kuzifikiria. Watu huingia, huvua kofia, basi. Na shahada ifikishwe huko.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

(a) Ada ipandishwe mara tatu, kuanzia muhula ujao, bila maelezo. Maelezo huwapa watu mawazo.

(b) Ada yangu nayo ipandishwe, kwa kurudi nyuma, na tofauti iongezwe kwenye mkopo wangu. Nimeshapiga hesabu. Kwa kiwango kipya nitamaliza kulipa nikiwa na miaka tisini na minne. Wanaume wa ukoo wetu hawavuki themanini, kwa hiyo kipande cha mwisho nitakuwa nimekipata bure, na hilo ni jibu la nne ambalo hata Mjomba Caz atalielewa.

(c) Colette aandikiwe kwamba amefutwa, kwamba chuo kimemwona hafai, na kwamba asithubutu kukanyaga. Namfahamu tangu azaliwe. Siku ya pili atakuwa mlangoni kwenu na sanduku.

(d) Ikiwa (c) itashindikana kisheria, basi mwandikieni chama cha mafundi bomba nao waanze kutoza ada. Wakitoza, watapata fulana nzuri zaidi, wazazi watalia kwenye mahafali, na vijana wao wataanza kupigiwa simu na akina Delphine. Ndani ya miaka mitano watakuwa na mashaka kama sisi, na tutaweza kuzungumza nao kama ndugu.

Naomba haya yashughulikiwe kabla ya tarehe kumi na tano. Najua ni muda mfupi. Ningeandika mapema zaidi, ila rasimu ya kwanza ilikuwa na tanbihi nyingi.

Mwisho, nakutakia wewe na ofisi yako kila la heri na darasa jipya lililojaa. Nisalimie katibu wako, aliyenipokea simu mara mbili nilipokata tamaa na kumwambia nimekosea namba. Alijua kwamba sikukosea, na hakusema. Msalimie mama wa bwaloni aliyekuwa akiniongezea viazi bila kuulizwa. Msalimie Delphine, natumaini alifaulu. Wasalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia, ambao nahofia ni wengi.

Mimi mhitimu wenu, ambaye bado analipa na hana kinyongo,

Everett R. Dudek
Shahada ya Jiografia (Heshima)

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Colette alipita ofisini kuniletea mkate wenye soseji uliotumwa na mama, akanikuta namhudumia bwana mmoja mwenye mbwa wawili, na alipoona fomu iliyoifunika barua hii imekaa upandeupande akaisogeza. Ameisoma barua yote akiwa amesimama kaunta. Nilitarajia acheke. Hakucheka hadi kwenye miaka tisini na minne.

Kisha akasema, "Kaka Ev, wacha hao wa chuo. Niambie mimi. Kitu kimoja tu ulichokipata kule. Usinipe yale maneno yako ya kwenye karatasi."

Niliogopa sana, Ndugu Mkuu, nikasema kilichokuja kwanza. Nikamwambia juu ya lile jiwe kubwa lililo uani kwetu, ambalo baba hulizunguka na mashine ya kukatia nyasi huku akilitukana. Si jiwe la hapa. Limetoka Kanada. Enzi za kale, nchi hii ilipofunikwa na barafu, barafu ililibeba, barafu nene kuliko jengo lolote alilowahi kuliona, ikaburuza jiwe hilo polepole kwa muda ambao hakukuwa na mtu wa kuuhesabu, ikalifikisha uani kwetu, ikayeyuka. Nilijifunza hayo mwaka wa pili, siku ya Alhamisi. Wikendi hiyo nilipanda basi kurudi nyumbani, nikaenda uani, nikaliwekea mkono. Sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua pa kuanzia.

Colette alinyamaza. Nimemfahamu miaka kumi na minane na sikujua kwamba anaweza. Halafu akauliza, "Na ilipoyeyuka, maji yote yale yalikwenda wapi?"

Basi nikamweleza. Saa ya chakula ikaisha, nikaendelea. Yule bwana wa mbwa naye hakuondoka. Alisema kwake kuna jiwe jekundu, nikamwambia lilikotoka. Bi. Vogel alifungua mlango, akatuangalia, akaufunga taratibu.

Colette anakuja. Amewapigia mafundi bomba kuwauliza kama watamshikia nafasi kwa mwaka mmoja aone kwanza chuo kilivyo, wakamwambia hakuna shida, mabomba yatavuja hata mwakani. Ijumaa atawaambia mezani. Ameniomba nikae karibu naye.

Kwa hiyo naomba namba moja hadi tano zichukuliwe kama hazikuandikwa, na (c) msiitumie kamwe, maana sasa ataiamini. Ama kuhusu namba sita, nimeirudia tena na nimeona nilikosea hesabu vibaya. Ada yenu ni kubwa, Ndugu Mkuu. Ni kubwa mno. Msichana ana miaka kumi na minane na ameuliza swali moja tu kuhusu maji. Tafadhali sana, ishusheni kabla ya tarehe kumi na tano.