Homa ya Kompyuta Siku ya Usaili wa Koku

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika nikiwa nimepiga magoti, jasho linanitiririka, mbele ya wakubwa watatu kwenye skrini na mchomelea mageti mmoja nyuma yangu. Naandika haraka kabla Ta Deo, huyo mchomelea mageti, hajawasimulia yeye, maana akisimulia ataongeza chumvi.

Wasionijua: nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Hamugembe, Bukoba. Shule niliacha kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo wanne. Watatu wameshajitegemea. Amebaki Koku, kitinda mimba wetu, anayeishi kwa shangazi Muleba. Leo saa nane mchana Koku alikuwa na usaili wa ufadhili wa chuo cha uuguzi, kwa mtandao. Barua ilisema atumie kompyuta, si simu. Ilisema pia kwamba mawasiliano yakikatika hawatarudia, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Nikamwambia, "Njoo kwangu. Kompyuta ya dada yako haijawahi kumwangusha mtu."

(Sentensi hiyo naomba mniwekee akiba. Mtanichoma nayo baadaye.)

Saa mbili asubuhi nikafungua kibanda. Kitu cha kwanza kuangalia kilikuwa ndizi. Ndiyo, ndizi, tulieni. Nilikuwa na mkungu wa ndizi za kukamua kutoka Kagondo. Nilitaka Koku akimaliza usaili alale kwangu, kesho tukamue juisi, tunywe kama watu wenye jambo. Mama alikuwa akiivishia ndizi uchagani, juu ya meko. Kibandani sina meko. Lakini nyuma ya boksi la kompyuta hutoka hewa ya moto kutwa nzima, bure, na hakuna anayeitumia! Kwa hiyo tangu Jumamosi chane zilikuwa zimepangwa pale, nyuma ya boksi, chini ya meza.

Leo zilikuwa na umanjano wa kutania tu. Nikaona joto linatoroka. Nikazisogeza mpaka zikagusa boksi, nikazifunika kwa majani makavu ya mgomba, juu nikatupia gunia. Nikajipongeza.

Koku akafika saa nne, blauzi imenyooka. Saa tano kompyuta ikazimika yenyewe. Puu! Skrini nyeusi.

"Dada?" akasema Koku.

"Ni umeme tu," nikasema.

Taa ilikuwa inawaka. Wote wawili tuliiona ikiwaka.

Nikaiwasha. Ikakaa dakika kumi na tano, ikazimika tena. Nikampigia fundi Jasson, anayenitengenezeaga kompyuta. Yeye yuko Muleba wiki hii. (Mdogo wangu akiwa Muleba, fundi yuko Bukoba. Mdogo wangu akija Bukoba, fundi yuko Muleba.)

"Fungua ile programu niliyokuwekea pembeni ya skrini," akasema. "Nisomee namba mbili. Joto la prosesa na volti."

"Joto tisini na sita. Volti moja nukta tatu. Hapana, moja nukta nne tano. Imeruka!"

"Joto liko juu sana. Likifika mia inajizima, inajilinda isiungue. Feni ya nyuma inapuliza?"

"Inapuliza vizuri mno! Ukiweka mkono unasikia moto kabisa."

Akaguna. Halafu akanielekeza mahali pa kuipunguzia prosesa mwendo, isifanye kazi kwa nguvu zote, ibaki asilimia themanini. Nikafuata hatua kwa hatua, Koku akinisomea Kiingereza. Joto likashuka hadi themanini na tisa. Nikashukuru, nikakata simu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nimelea watoto wanne, homa naijua. Homa ina chanzo. Nami chanzo nilikuwa nimekwishakipata, kilikuwa kinalia nje: Ta Deo, jirani yangu, alikuwa anachomelea geti. Kila akigusa chuma, cheche zinaruka. Na volti kwenye skrini zinaruka. Ushahidi upi mwingine?

Nikatoka nimefunga kanga kiunoni.

"Ta Deo! Unaniulia kompyuta!"

Akainua kioo cha usoni. Ta Deo ni mtu mzima, mpole, ana miaka mingi kwenye umeme. "Nimekuuliaje, Ma Adela?"

"Volti zinaruka! Ukichomelea tu, zinaruka!"

"Zinaruka mpaka ngapi?"

"Moja nukta nne tano!"

Akanitazama. Vijana wake wawili wakatazamana.

"Ma Adela, waitu," akasema taratibu, kama tunavyombembeleza mtu kwa Kihaya, "umeme wa ukutani ni mia mbili na kitu. Kwa volti moja na nusu hata tochi yangu haiwaki. Inataka betri mbili."

Mtu mwenye busara angeuliza swali hapo. Mimi nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Usinifundishe kompyuta! Mtoto wa marehemu ana usaili saa nane, na wewe unachezea cheche!"

Ta Deo akavua glavu. Akazima mashine yake. "Mtoto afanye usaili wake," akasema. "Geti litasubiri." Mwenye geti alikuwa amesimama pale pale, naye akaambiwa asubiri.

Nikarudi ndani nimeshinda.

Saa nane kasoro dakika mbili. Joto themanini na nane. Koku akakaa. Wakatokea watatu kwenye skrini: mama mmoja mwenye miwani katikati, baba wawili wenye tai pembeni. Mama akasema karibu, Koku akasema shikamoo, na joto likasema tisini na moja. Picha za video zinaichosha mashine, nimejua leo.

Nje kimya. Hakuna anayechomelea. Tisini na tatu.

Nikaingia chini ya meza. Nikachukua jalada la faili, nikaanza kulipepea boksi kwa mbele. Napepea, natoa kichwa pembeni ya meza kusoma namba, narudi. Tisini na nne. Kule chini palikuwa na joto kama jikoni siku ya arusi. Harufu tamu pia, lakini nani ana muda wa harufu? Juu yangu nasikia Koku anajibu vizuri, mtoto ametulia, na mimi magoti yanauma, mkono unakufa ganzi. Tisini na sita. Nikaomba kimoyomoyo watakatifu wote ninaowajua, na mmoja nadhani nilimtunga.

Tisini na saba.

Mama mwenye miwani akauliza, "Koku, tuambie kuhusu mtu aliyekufundisha namna ya kukabili tatizo."

Koku akavuta pumzi. "Ni dada yangu mkubwa. Aliacha shule kwa ajili yetu. Nikiugua, hakuwahi kukimbilia dawa wala kulaumu mtu. Alikuwa anakaa, ananiangalia kwanza, anatafuta chanzo. Ndiyo maana nataka kuwa muuguzi."

Machozi yakanitoka chini ya meza. (Na jasho. Sijui kipi kilikuwa kipi.) Tisini na nane.

Wakati huohuo Ta Deo akaingia taratibu, viatu mkononi, kuona mtoto anaendeleaje. Akaniona nilipo. Akainama kunisaidia. Akatazama nyuma ya boksi, akagusa gunia, akalifunua. Mvuke ukampiga usoni.

Ta Deo ni mpole, nimesema. Lakini miaka yote ya kusaga vyuma imemla masikio, na mtu asiyesikia vizuri hajui kunong'ona. Na akishtuka humwita mama yake kwa Kihaya.

"MAWE! MA ADELA! KUMBE KOMPYUTA UNAIVISHIA NDIZI?"

Sauti ikafika mtandaoni, na nadhani Hamugembe nzima.

"Koku," mama mwenye miwani akasema, "nani huyo anayeivishia ndizi?"

Niliona miguu ya Koku ikijikunja chini ya kiti.

"Ni dada yangu, mama."

"Dada yupi?"

"Huyo niliyekuwa namsema."

"Anayetafuta chanzo?"

"Huyo huyo."

Nikatoka chini ya meza. Sijui kwa nini nilitoka! Ningeweza kubaki kule nikazeekea huko. Nikatokea kwenye kamera nikiwa bado nimepiga magoti, kanga imelowa, jani kavu la mgomba limenasa kichwani, mkononi faili. Nyuma yangu Ta Deo amekumbatia chane mbili kama mtu aliyetoka kubatiza mapacha.

"Shikamooni," nikasema.

Baba mmoja mwenye tai akazima kamera yake. Nilijua anacheka. Yule wa pili hakuwa na adabu hiyo. Alicheka wazi, akafuta macho, akauliza, "Na zimeiva?"

"Zimeiva, mheshimiwa."

Zilikuwa zimeiva kweli. Mbili zilishapasuka.

Namba kwenye skrini zikaanza kushuka. Tisini na mbili. Themanini na tatu. Sabini. Mama mwenye miwani akagonga meza, akasema tuendelee, na Koku akaendelea dakika ishirini nyingine pamoja na mtihani mfupi, bila kukatika hata mara moja, wakati mimi na Ta Deo tukibeba ndizi nje kwa kunyata kama wezi.

Jasson alipiga simu baadaye. Nikamweleza. Akacheka mpaka simu ikakata, akapiga tena. Akasema zile volti ni za ndani ya prosesa, huruka zenyewe ikipewa kazi, hazihusiani na geti la mtu yeyote. Na kwamba ndizi zinapoiva zenyewe hutoa joto. Nilikuwa nimeifunika mashine yenye homa blanketi lenye homa.

Ikabidi niende kwa Ta Deo. Nikapiga goti mbele yake, mbele ya vijana wake, mbele ya mwenye geti aliyepoteza saa karibu tatu, nikaomba radhi. Akaniinua haraka, hapendi mambo hayo. Nikampa chane moja.

"Waitu, hapana," akasema. "Hizo zina volti."

Koku amekaa hapa pembeni yangu. Hajui amepita au la. Wamesema majibu yatakuja kwa simu. Nikimuuliza anasema usaili ulikwenda vizuri, halafu anageukia ukutani, mabega yanacheka. Au yanalia. Nimeogopa kumgeuza nitazame.

Kwa hiyo chekeni, lakini chekeni taratibu. Mtoto bado anasubiri simu.